Vijana wameziba bomba la digi yetu ya udongo, sasa chini ya ukuta kumelowa

Mama wa Lengalenga, Lubumbashi
*Jumatatu, saa 2 usiku*

Jambo wandugu wote. Mimi ni mama wa bustani. Nalima lengalenga (mchicha), matembele na vitunguu kwenye bonde la kijito kimoja kinachoshuka kuingia mto Kafubu. Naomba mnisaidie kwa jambo linaloninyima usingizi tangu mvua zianze. Nitaeleza kwa urefu, maana nikieleza nusu mtanijibu nusu.

Juu ya bustani zetu kuna digi ya udongo, yaani ukuta wa kuzuia maji. Si kubwa. Kutoka upande mmoja wa bonde hadi wa pili ni hatua sabini na tano, na kimo chake katikati ni mita mbili na nusu. Tuliijenga wenyewe kwa salongo, kazi ya pamoja, kiangazi cha 2011, baada ya maji kuingia nyumbani mwa watu miaka miwili mfululizo. Kule chini wengi wamejenga kwa matofali mabichi, na tofali bichi likilala ndani ya maji usiku mmoja, asubuhi ukuta unakaa chini kama mtu aliyechoka. Mwaka ule wa pili nyumba kumi na moja zilianguka katika avenue moja, na mtoto wa jirani yangu tulimshusha kutoka juu ya mwembe akiwa hai, Mungu asifiwe.

Kapita, yaani msimamizi, wa kazi ile alikuwa marehemu baba yangu. Hakusoma sana, lakini udongo aliujua, alifanya kazi ya matuta na barabara tangu ujana wake. Udongo wa moyo wa ukuta tuliutoa kwenye vichuguu viwili vya bondeni, vile vya kwetu Katanga vinavyopita nyumba kwa urefu. Kila asubuhi baba alikuwa anachukua udongo kiasi cha kujaza ngumi, anaufinya, anafungua mkono. Ukibaki donge, analiachia lianguke kutoka usawa wa kiuno. Likipasuka vipande vitatu vinne, anasema "leteni". Likisambaa kama unga anaagiza maji, na likibandika chini kama bukari (ugali) mbichi anatuambia tuuanike kwanza. Tulimwaga tabaka la shubiri moja, tukalitwanga kwa magogo yenye mishikio miwili, watu wanane kwa mstari, tukiimba. Tabaka la pili halikuwekwa mpaka kisigino chake kiwe hakiachi alama kwenye la kwanza. Mimi nilikuwa mmoja wa wale wanane, na mikono yangu bado inakumbuka.

Chini kabisa, usawa wa kijito, alilaza bomba la zege la sentimita 30, wazi pande zote mbili, bila mlango wala kifuniko. Pembeni, kwenye udongo mgumu wa kilima, tukachimba mfereji wenye upana wa mita tano, sakafu yake ikiwa nusu mita chini ya kichwa cha ukuta, ili mvua ikizidi maji yapite huko yasipande juu ya udongo wetu. Watu walimuuliza: baba kapita, unajenga digi halafu unaiachia tundu? Akawajibu, "Hiki si kisima. Hawa ni wageni wengi wanaokuja kwa pamoja. Nawasimamisha mlangoni waingie mmoja mmoja."

Na ndivyo ilivyokuwa. Mvua kubwa ikinyesha jioni, nyuma ya ukuta panakuwa ziwa. Kesho yake saa sita mchana majani yanaonekana tena, na kijito kinapita kwetu kimejaa lakini kiko ndani ya kingo zake. Tangu 2011 hakuna nyumba iliyoanguka kwa maji.

Aprili mwaka huu, kwenye mvua za mwisho, vijana wa kartie, mtaa wetu, waliunda kikundi cha samaki. Wakaziba bomba upande wa juu kwa magunia ya mchanga na udongo wa kichuguu. Maji yakapanda mpaka usawa wa mfereji wa pembeni na hapo yakabaki, yametanda kama kiwanja cha mpira kimoja na nusu hivi. Kwenye mfereji wenyewe wakasimika wavu wa nyaya ili samaki wasitoroke. Sitasema uongo, nami nilifaidika. Septemba, wakati ambapo kila mwaka nachota maji mbali kwa ndoo, safari hii nilimwagilia hapo hapo, na vitunguu vyangu vilikuwa vikubwa kama ngumi. Na mwanangu wa mwisho ndiye mwandishi wa kikundi. Kwa hiyo siongei kama adui yao.

Lakini juma hili, chini ya ukuta upande wa bustani, pameanza kulowa. Ni mahali pa ukubwa wa mkeka mmoja. Ukipakanyaga panadidimia kama godoro, halafu maji yanapanda kati ya vidole. Zamani hapakuwa hivyo. Na hatua sita kutoka hapo, wafyatua matofali wamechimba shimo linalonifika magotini, nalo limejaa maji ambayo hayakutoka mbinguni, maana siku mbili hakukunyesha. Juu ya ukuta nako, baiskeli za wabeba makala (mkaa) zimepitisha njia katikati. Nimepima kwa fimbo, njia imeshuka shubiri nzima chini ya kichwa cha ukuta. Mwembe mmoja umejiotea pale ukutani, shina lake limeshafika unene wa paja.

Jumapili tunakutana kwa shefu, yule mkubwa wa avenue yetu. Vijana wanasema ukuta umesimama miaka yote hii, kwa nini uanguke sasa. Je, kulowa huku ni kwa kawaida? Na niwaambie nini, wakati baba hayupo tena kuwaambia?

---

Kijana wa Katuba
*Jumatatu, saa 3 usiku*

Mama, usingoje Jumapili. Kesho asubuhi chukueni beshi na pioshi, yaani koleo na sururu, kateni ukuta katikati, maji yaende zake. Samaki watanunuliwa wengine, mtu hanunuliwi. Mimi maji yaliingia kwetu usiku nikiwa na miaka tisa. Nakumbuka masufuria yanavyoelea gizani na kugongana. Sitaki mtoto mwingine aisikie sauti ile.

---

Mzee Fundi, Likasi
*Jumanne, saa 12 asubuhi*

Mama, nakuomba, na wewe kijana wangu wa Katuba nakuomba pia: MSIKATE UKUTA. Nimeamka kuandika hili kabla ya chai.

Udongo hauachi maji yapite kwa adabu. Ukifungua njia ya upana wa beshi, maji yanakula sakafu ya njia ile, halafu yanakula kuta zake, udongo unaanguka ndani, yanaubeba, njia inapanuka. Baada ya muda mfupi hakuna mtu anayeweza kuyazuia. Maji yote yaliyoko nyuma yatashuka kwa mara moja juu ya zile nyumba za matofali mabichi. Mtakuwa mmeleta kwa mikono yenu kile ambacho digi ilijengwa kukizuia.

Nimefanya kazi za udongo miaka thelathini na minne, barabara na mabwawa madogo ya mashamba. Baba yako, Mama, ningependa kumfahamu. Alichokijenga kina kazi moja tu, nayo ni KUKAA TUPU. Tazama hesabu. Maji yametanda karibu hekta moja, kina chake ukutani ni mita mbili. Kwa bonde kama hilo huwa tunazidisha eneo kwa kina, halafu tunachukua sehemu nne katika kumi. Inatoka mita za ujazo 8,000. Hiyo ndiyo nafasi aliyowaachia kwa ajili ya mvua. Sasa, mvua ya milimita 50 kwa saa moja si ajabu kwetu kati ya Desemba na Machi. Inamwaga mita za ujazo 500 kwenye kila hekta. Tuseme nusu inazama ardhini na nusu inatiririka: hekta 32 tu zinatosha kuleta hizo 8,000. Digi ikiwa tupu, inayapokea yote na kuyatoa polepole kwa lile bomba, kama nusu siku, ndiyo maana mlikuwa mnaona majani saa sita mchana. Digi ikiwa imejaa tayari, haina pa kuyaweka. Yote yanakimbilia mfereji wa pembeni, zaidi ya mita mbili za ujazo kila sekunde.

Mfereji wa mita tano ukiwa safi unaweza karibu kuyabeba, lakini maji yatapanda ndani yake sentimita 40 hivi. Na wewe umesema njia ya baiskeli imeshuka shubiri. Kutoka sakafu ya mfereji hadi hapo njiani zimebaki sentimita 30. Unaona? Maji yatapita juu ya ukuta kwanza pale pale wanapopita watu wa makala, hata kama wavu haujaziba. Na wavu utaziba. Mvua ya kwanza kubwa huwa inashusha majani, mifuko ya plastiki, mabua ya mahindi, yote yatakwama hapo. Wavu utoke leo, kabla ya mkutano wowote. Hilo halihitaji fundi wala ruhusa.

Kuhusu kulowa. Ukuta wa udongo unaokaa na maji muda wote lazima upitishe kidogo, hilo lenyewe si kifo. Kinachoua ni maji yanayobeba udongo kutoka ndani, kwa sababu yanachimba tundu linaloanzia nje likirudi ndani, na huwezi kuliona. Baba yako alijenga ukuta wa kusimama na maji usiku mmoja, hakujenga wa kusimama nayo miezi saba. Kwa hiyo fanya hivi. Chukua chupa ya plastiki isiyo na rangi, kinga maji yanapotokea, pale yanapotiririka, usichote kwenye tope ulilolikanyaga. Iweke dirishani mpaka jioni. Yakiwa meupe, unaona ng'ambo ya chupa, na chini hakuna kitu, tuna siku za kufanya kazi kwa utaratibu. Ukiona udongo umetua chini ya chupa, hata kama ni unene wa ukucha, au maji yameongezeka kuliko jana, wahamishe watoto na wazee wa kule chini wakalale kwingine, ndipo uniandikie.

Hapo palipolowa kuna watu watakaotaka kupaziba kwa saruji au udongo wa kichuguu. Wakatalie. Ukiyazibia maji mlango huo, yatatafuta mwingine ndani ya ukuta. Mnachotaka ni maji yatoke na udongo ubaki. Mwageni mchanga safi wa mtoni, shubiri nzima, muuvushe mkeka wako ule kila upande. Juu ya mchanga kokoto, juu ya kokoto mawe. Shimo la wafyatua matofali lijazwe hivyo hivyo, na wachimbe mbali. Udongo wa mguuni mwa ukuta ndio unaoushikilia mgongo wake.

Mwembe msiung'oe sasa. Ukiung'oa maji yakiwa yamejaa, mnafungua shimo. Ungojee kiangazi, mizizi itolewe yote, patwangwe upya kwa tabaka kama alivyofanya marehemu.

---

Mwalimu wa Historia, Bukavu
*Jumanne, saa 4 asubuhi*

Habari za huko Mama. Mimi si fundi, lakini nilipofika kwenye ule wavu wa samaki nikasimama, kwa sababu jambo hili limeshatokea, karibu kwa namna ile ile.

Huko Pennsylvania, Marekani, juu ya mji wa Johnstown, kulikuwa na bwawa la ukuta wa udongo, South Fork, lenye kimo cha mita 22 hivi. Mabomba yake ya chini yaliondolewa na mwenye mali mmoja, na hayakurudishwa. Baadaye matajiri walilinunua kwa ajili ya uvuvi na mapumziko. Wakashusha kichwa cha ukuta kidogo ili magari ya farasi yapishane, na kwenye njia ya maji ya ziada wakaweka wavu wa chuma, samaki wasitoke. Tarehe 31 Mei 1889, baada ya mvua kubwa ya usiku kucha, takataka zikaziba wavu, watu wakajaribu kuuondoa na kuinua ukuta kwa koleo, wakashindwa. Maji yakapita juu. Walikufa watu zaidi ya 2,200.

Digi yenu ni ndogo mno ukilinganisha. Lakini hebu mwonyeshe mwanao: bomba lililozibwa, kichwa kilichoshuka, wavu wa samaki. Yote matatu yapo kwenu.

Na wasidhani kwamba digi yenye tundu lisilofungwa ni ujinga wa kizee. Mwaka 1913 mafuriko yaliharibu mji wa Dayton, Ohio. Watu wa bonde lile wakachangishana, wakajenga kuta tano za udongo ambazo zilikamilika 1922. Bomba zake za zege hazina milango kabisa, hakuna mtu anayeweza kuzifunga. Siku za kawaida mto unapita tu, na nyuma ya kuta watu wanalima na kulisha mifugo. Zinafanya kazi mpaka leo. Baba yako na wale wahandisi hawakuwahi kuonana, lakini waliwaza kitu kimoja.

---

Mfuga Samaki, njia ya Kasenga
*Jumanne, saa 8 mchana*

Naomba na vijana wasemewe. Kijana asiye na kazi akiona maji yanapita bure kila mwaka, na yeye ana njaa, akili yake itaenda kwenye samaki. Hiyo ni akili nzuri, si uhalifu. Mama, ukienda Jumapili na neno "fungueni bomba" peke yake, utarudi na ugomvi nyumbani mwako.

Nenda na neno la pili. Samaki hawahitaji kijito kizima. Nami nilianza kwa kuziba kijito, na mvua ya kwanza ilinichukulia wote, maana kwenye mafuriko hakuna wavu unaoshinda. Sasa bwawa langu liko pembeni, juu ya kingo, mahali ambapo mafuriko hayafiki. Nimechimba mita 10 kwa 20, kina mita moja. Maji nayatoa kijitoni kwa kamfereji kadogo kutoka juu zaidi, kanapita kwenye bomba la sentimita 10 ambalo nalifunga mvua ikianza. Naweka vifaranga wawili wa tilapia kwa kila mita ya mraba, yaani 400. Nikitaka kuvuna natoa maji yote, nahesabu samaki wangu mmoja mmoja. Kwenye digi yenu hawawezi kuvuna vile, bwawa ni kubwa, wanabahatisha kwa nyavu tu. Waulize wamevua kilo ngapi tangu Aprili.

Na wewe bustani yako inaweza kupata maji kwenye mfereji huo huo kiangazi. Mimi namwagilia nyanya kwa maji ya samaki, yana mbolea.

---

Mama wa Lengalenga, Lubumbashi
*Jumatano, saa 1 usiku*

Aksanti sana wote. Mzee Fundi, nimesoma maneno yako kwa sauti jikoni, mwanangu akiwa anakula. Hakujibu. Baadaye akanawa mikono, akachukua koleo la kukatia nyaya, akaondoka. Aliporudi wavu ulikuwa begani mwake.

Chupa ya kwanza, ya jana, ilibaki nyeupe. Ya leo ina udongo mwekundu chini, mwembamba, ukiinamisha chupa unatambaa kama moshi. Nimeogopa. Familia nne za karibu na kijito zimehamia kanisani kwa usiku huu. Mchanga tumeubeba kwa magunia na bruweti (toroli) mbili, akina mama kumi na wawili na vijana sita, tumeumwaga kama ulivyosema, kokoto tumeziweka, mawe tumalizie kesho.

Sasa swali. Magunia yaliyoziba bomba yako chini ya mita mbili za maji. Mwanangu anaogelea vizuri, anasema kesho alfajiri atapiga mbizi ayavute. Nimkubalie?

---

Mzee Fundi, Likasi
*Jumatano, saa 1 na nusu usiku*

USIMKUBALIE. Mama, mwambie sasa hivi, kabla hamjalala.

Bomba la sentimita 30 likifunguka ghafla chini ya mita mbili za maji, linavuta kwa nguvu isiyopimika na mkono wa mtu. Litamkamata mguu au mkono, litamfanya yeye kuwa gunia. Hata mkimfunga kamba na kuvuta watu kumi hamtamtoa. Nimezika kijana mmoja kwa sababu hiyo, na ndiyo maana naandika haraka.

Maji yashushwe kwa kupitia juu. Tafuteni mipira ya maji miwili minene, ya sentimita 10, kila mmoja wenye urefu wa mita 25 hivi. Wanaofanya kazi ya pampu mashambani wanayo, wataazima. Uzamisheni mpira wote mpaka ujae maji na hewa itoke, zibeni ncha zote mbili, ncha moja ibaki ndani ya bwawa, nyingine ivutwe juu ya ukuta mpaka chini kabisa upande wa pili. Mkizibua ncha zote mbili, ya bwawani ikiwa ndani ya maji, maji yatapanda yenyewe na kushuka, bila pampu. Kila mpira utatoa kama lita 20 kwa sekunde. Miwili kwa siku nzima itashusha bwawa kiasi cha sentimita 30, na kijito chenyewe kitarudisha kidogo.

Na hiyo polepole ndiyo tunayoitaka. Utauliza: zamani lilikuwa linakauka kwa nusu siku, kwa nini sasa tuvute siku nyingi? Kwa sababu zamani maji yalikaa usiku mmoja, hayakuwahi kuingia ndani ya moyo wa ukuta. Sasa umelowa miezi saba. Ukiyaondoa maji ghafla, udongo ulioshiba unabaki mzito hauna wa kuuegemeza, na upande wa juu unaweza kuporomoka. Sentimita 30 kwa siku, zisizidi. Ncha ya chini ya mipira iende mbali na mguu wa ukuta, imwage juu ya mawe. Bomba mtalifungua mwishoni, maji yakiwa hayamfiki mtu gotini.

Mvua kubwa ikija katikati ya kazi, acheni kila kitu, tokeni bondeni.

---

Mama wa Lengalenga, Lubumbashi
*Ijumaa ya juma lililofuata, saa 5 asubuhi*

Wandugu, narudi kuwapa habari.

Mipira tuliazimwa Alhamisi ile ile, mmoja ulikuwa na tundu, tukaufunga kwa mpira wa baiskeli. Mara mbili ulikataa, hewa ilikuwa imebaki ndani. Mara ya tatu niliweka sikio juu yake pale kwenye kichwa cha ukuta nikasikia maji yanapita, sauti kama ya mtu anayemeza. Mwanangu alisimika fimbo ndani ya bwawa na kuichora mistari myekundu kila sentimita kumi, akawa anasoma asubuhi na jioni na kuandika kwenye daftari la kikundi, ukurasa ule ule walioandikia samaki. Chupa ya Ijumaa ilikuwa na ukungu kidogo. Ya Jumamosi ilikuwa nyeupe, na nyingine zote tangu hapo. Nimezipanga dirishani kwa siku zake.

Mkutano wa Jumapili ulikuwa mrefu. Kulikuwa na mmoja aliyesema tunawaua vijana kwa njaa. Nikasoma maneno ya ndugu wa njia ya Kasenga, na nikauliza swali lake: kilo ngapi tangu Aprili? Walitazamana. Walifungua daftari, ilikuwa kumi na tisa, watu kumi na wanne. Mzee mmoja mwenye kiwanja juu ya kingo, mahali ambapo maji hayajawahi kufika hata mwaka wa zile nyumba kumi na moja, amewapa sehemu ya kuchimba, na wao watampa samaki kila mavuno. Wameshapima kwa kamba, 10 kwa 20. Samaki waliokuwa digini tuliwavua Jumanne maji yalipokuwa machache, wadogo wamewekwa kwenye mapipa na shimo la muda, wengine walikufa, nimehuzunika pamoja nao.

Njia ya baiskeli tumeikwangua, tukaimwagilia, tukaweka udongo wa kichuguu kwa tabaka. Nilimfundisha mwanangu kufinya. Alifinya mara nne akikosea, mara ya tano donge likapasuka vipande vinne. Watu wa makala wamekubali kupita chini, tumewawekea mawe ya kuvukia kijito.

Magunia yalitoka Jumatano, maji yakiwa chini ya goti. Bomba ndani ni safi, baba aliliunga kwa ustadi.

Jana jioni ikanyesha. Ilianza saa kumi na moja na haikupumzika mpaka saa tatu usiku. Tulisimama kilimani na tochi, mimi, mwanangu na wale vijana, tukiangalia fimbo. Maji yalipanda mstari mmoja baada ya mwingine, yakafika wa kumi na saba, mfereji wa pembeni ukabaki mkavu. Saa sita usiku mwanangu akasoma kumi na sita. Sikulala, nilikuwa nasikiliza kijito. Leo asubuhi saa tatu ilikuwa mstari wa tano, na sasa hivi ninapoandika, majani yameanza kuonekana, yamelala upande mmoja, yana tope.